Kamera Iliona Mama Mudogo Akitoka

Kavira, mutoto wangu, wewe uliyekataa kunyonya siku mbili ulipozaliwa, na leo unakataa kula mpaka chakula ipigwe picha kwanza,

Nakuandikia niko ku barza, mu kiti yangu, jua ingali. Umeenda kuaga batu ya chorale mbele ya kuhamia Kisangani, na kuaga kwenu nakujua: mutaimba nyimbo kumi na mbili, mutalia ku tatu, na utarudi hapa na njaa. Donc niko na wakati. Kama sasa hivi unafungua ile site yako ya kamera huko kanisani, unaona muzee ameinama juu ya cahier, ulimi inje kama mutoto wa primaire. Usiogope, si testament ya kugawa mali. Parcelle, hii kiwanja yetu, ni ile ile, mbuzi ni ile ile, na hakuna kitu nimekuficha. Yaani, kitu kimoja tu nimekuficha, na hicho njo naandika.

Mambo ya kuchemsha maji na kulala mu moustiquaire sitakuandikia. Joto ya Kisangani, mbu ya Kisangani, banaume ya Kisangani banaovaa muzuri: ile yote mama yako angekuambia, na angesema muzuri kunishinda. Mimi nilisoma mpaka ya inne primaire, na hata ile ya inne mwalimu alinipitisha juu baba yangu alimupelekea kuku. Kuku njo iko na diplome, mimi nilikuwa naisindikiza tu.

Tuongee juu ya kamera.

Uliweka tatu: moja ku portail ya kuingilia, moja ku shamba ndogo ya mboga ya poireaux pale mbuzi inafungwa, na moja hapa ku barza. Ulisema ni juu ya bezi. Nilikuamini siku mbili. Siku ya tatu nikaona kwamba hii ya barza haiangalie barza, inaangalia kiti yangu. Mwizi gani anatoka mbali kuja kukaa mu kiti ya muzee? Unataka kuwa unaniona ukiwa kule. Ungesema tu. Sina hasira. Hata mbuzi inapenda kuangaliwa.

Kisha ukakaa na mimi, ukanifundisha: fungua site, andika jina, andika mot de passe, ile neno ya siri, ngoja kale kaduara kazunguke. «Papa, mot de passe andika Masika,» ulisema, bila kuniangalia, kama vile Masika ni jina ya duka. Mais ujue, kila siku nikiandika jina ya mama yako herufi kwa herufi, kidole kinakawia. Miaka makumi tatu na zaidi tulikaa naye na sikumuandikia hata barua moja. Leo namuandika mara tano kwa siku ili nione mbuzi.

Juu nilikuwa naangalia mbuzi, nakiri. Wiki ya kwanza nilikuwa naangalia mimi mwenyewe: natoka, nasimama mbele ya kamera, narudi mbio mu chumba kuona picha. Nikapata muzee moja, kipara inangaa nyuma kama sufuria ya ndoa. Nikajiuliza, huyu nani anatembea mu parcelle yangu na pantalon yangu? Hakuna mutu aliwahi kuniambia kwamba nywele ya nyuma imekwisha. Mama yako alijua. Sasa naelewa kwa nini alikuwa anacheka akinipita mugongoni. Nyuma ya hapo njo nikaanza mbuzi. Mbuzi iko hatua kumi, naisikia na masikio yangu, mais naiangalia mu téléphone. Siku moja nikaiona imekata kamba na inakula poireaux. Nikasema: oh, mbuzi inakula poireaux. Nikaendelea kuangalia. Ikamaliza mustari muzima. Bila kamera ningeifukuza. Uliniuliza mégas za internet zinakwenda wapi. Zilikwenda ku mbuzi.

Hii kamera yako si ya kwanza kwangu. Nilikuwaka na ingine. Ilikuwa na magurudumu sita na ilikuwa inakunywa kasiksi.

Ulikuwa mudogo sana, haukumbuki. Nilikuwa nauzisha mboga mu soko ya Beni: poireaux, choux, karoti ya huku kwetu Butembo, ku baridi. Beni iko joto, mboga ya aina ile haioti kule, na batu ya kule banaipenda. Nilikuwa nabaki kule chini wiki mbili, tatu, nangojea mizigo inishukie. Téléphone hakuna. Nyumba yetu ilikuwa ile ya udongo, kando ya barabara, pale magari inapanda pole pole kama bazee. Na kulikuwa chauffeur moja, Kasereka, aliyekuwa anapita pale na camion yake kila siku mbili. Tukapatana: akifika kwetu, apige klaxon ya gari mara mbili. Mama yako atatoka ku mulango, atainua mukono. Kasereka akifika Beni, ataniambia. Na mimi nitamununulia kasiksi yake, ile pombe ya ndizi.

Hiyo njo ilikuwa site yangu. Kasereka alikuwa anaingia mu soko, ananyoosha mugongo mpaka inalia, anasema:

«Mama iko. Amefunga kikwembe ya bleu. Mukono iko na unga.»

Ile «mukono iko na unga» ilikuwa inanitosha mpaka gari ya kesho kutwa. Nilikuwa naona jiko, naona moshi, nasikia harufu ya bugali, naona na wewe chini unajaribu kula jivu. Bauzishaji benzangu balikuwa bananicheka: «Angalia ule, ananunulia chauffeur pombe ili aambiwe kama bibi yake amenawa mikono ao hapana!» Na mimi nabajibu: «Ninyi bibi zenu hata mupige klaxon mpaka batteri inakufa, habatoke.»

Siku moja Kasereka alishuka bila kunyoosha mugongo. Akajifanya anaangalia pneu ya gari.

«Kasereka, na kwangu?»

«Nilipiga klaxon.»

«Na?»

«Hakutoka. Alitoka mwanaume. Chemise nyeupe.»

«Mwanaume gani?»

«Kaka, mimi niko chauffeur. Chemise nyeupe njo niliona.»

Niliacha choux palepale chini, bila hata kuzifunika, nikapanda juu ya gari ya kwanza iliyokuwa inarudi Butembo. Barabara ya wakati ule ilikuwa inakula siku nzima, na siku nzima ile nilikuwa nashona ile chemise mu kichwa. Niliipa kola. Niliipa saa ya mukono. Tukifika karibu na kwetu nilikuwa nimeipa mpaka jina ya jirani moja ambaye mpaka anakufa hakujua kwa nini sikuwa namusalimia. Nikasukuma mulango na muguu.

Alikuwa infirmier, mutu wa dawa. Alikuwa ameinama juu yako, mukono ku paji yako ya uso. Ulikuwa na homa ya siku tatu, macho imegeuka, na mama yako alikuwa amekushika mapajani na hakuweza kusimama kutokea klaxon ya mutu. Aliniangalia. Akaangalia na muguu wangu, ungali ku mulango. Akasema:

«Nawa mikono. Mutoto iko na homa.»

Basi. Hakuniuliza kwa nini nimepanda bila kuuzisha. Alijua. Infirmier naye alijua, juu alikusanya dawa zake kama mutu anakimbia mvua.

Ulipona. Nikafikiri na ile ingine, ya muguu ku mulango, imepona, juu mama yako hakusema kitu. Nikarudi Beni, Kasereka akapita kwetu, akapiga klaxon mara mbili. Mama yako hakutoka. Siku ingine akapiga mara ine. Mulango wazi, moshi inatoka, mama yako anaonekana mule ndani anapepeta maharagi, na hakuinua kichwa. Kasereka akawa na haya ya kuniambia. Akaanza kunidanganya: «Iko, ameinua mukono, kikwembe ya manjano.» Mama yako hakukuwa na kikwembe ya manjano. Mimi nilijua, Kasereka alijua kwamba najua, na nilikuwa namununulia kasiksi ileile. Ile miaka yote niliyobakisha Beni, niliishi na kikwembe ya manjano.

Nilipoacha ile kazi, siku moja tulikuwa tunamenya viazi, nikamuuliza kwa nini. Hakuacha kumenya.

«Nilikuwa natokea mutu mwenye hamu yangu,» akasema. «Polisi hapana.»

Hapo ungesema: bon, muzee alijifunza. Ngoja.

Sasa tunafika ku mama mudogo Katungu. Wewe unajua kunishinda mimi namna gani yeye na mama yako balikuwa, bandugu baliofuatana ku tumbo moja. Kila musimu, mbele ya kupanda, balikuwa banakaa mule jikoni, kila mutu na kitunga yake, banachagua mbegu ya maharagi moja moja na banachagua batu ya quartier na mudomo, moja moja vilevile. Mule njo uliingiza haragi mu pua siku moja, ukiwa mudogo. Mama yako alikuwa anaita batakatifu bote kwa majina, Katungu hakuita mutu, alikushika kichwa, akafyonza pua yako na mudomo wake mpaka haragi ikatoka, akaitema mu jivu, akasema: «Hii si ya kupanda.»

Mama yako alipokufa, nilifikiri ile mambo ya mbegu imekwisha. Haikwisha. Katungu aliendelea kuja. Anapitia tundu ya clôture, ile uzio ya upande wa majirani, njia yao ya zamani, analeta maharagi yake, anakaa palepale, anachagua peke yake, na anaacha kiti ya mama yako wazi mbele yake. Akimaliza anatokea portail, juu kuinama mara ya pili mu tundu na kitunga ni ngumu ukiwa na miaka yake. Mimi nilikuwa nalala saa ile. Sikujua, jirani yake njo aliniambia nyuma. Katungu anakaa na marehemu ndugu yake mu jiko yangu misimu ine, na mimi nakoroma ku chumba.

Wiki tatu zilizopita, siku moja saa ile, sikulala. Nilikuwa na téléphone. Nikaona ku kamera ya portail: Katungu anatoka, kitunga ku kichwa, kikwembe imefunika, kona moja imeinuka, na maharagi inaonekana. Nikasema: ile ni yangu. Gunia yangu iko mu dépôt ya chakula, hatua kumi na tano toka kitanda. Sikuenda kuiangalia. Nilikuwa na picha, kutembea ya nini?

Kesho yake ilikuwa siku ya Mungu. Nyuma ya misa balikuja hapa bamama batatu ya shirika ya kanisa, juu ya kupanga siku ya kukuaga. Na Katungu akaja. Nikangoja akae. Nikatoa téléphone.

«Katungu, huyu nani?»

«Ni mimi.»

«Na hii ku kichwa?»

«Kitunga yangu.»

«Na ndani?»

«Maharagi.»

«Munaona!» nikabaambia bale bamama, kama avocat mu kesi.

Akachukua téléphone, akaipeleka mbali, juu macho yake haione karibu. Akaiangalia muda. Kisha akasema pole pole:

«Shemeji, hii mashine yako iliniona nikitoka. Wakati niliingia nayo, ilikuwa inasinzia?»

Mama moja akacheka. Kile kicheko, Kavira, njo kiliniharibu. Kuchekwa, mu parcelle yangu, na umri yangu! Nikatafuta jiwe kubwa ya kurusha. Sikupata. Nikapata jina yako.

«Usiulize mimi,» nikasema. «Site ni ya Kavira. Kavira njo aliona hii picha, njo aliniambia.»

Nilisema ivyo. Wewe ulikuwa soko, unachagua valise ya safari.

Katungu alisema tu: «Kavira?» Mara moja. Akarudisha téléphone mu mukono yangu kama mutu anarudisha yai, akatoka. Ile jioni, jua haijazama, niko hapahapa na ile téléphone, nikamuona tena ku kamera ya portail. Amerudi na kitunga. Ameiweka chini, amenyoosha kikwembe juu yake vizuri, amesimama kidogo. Alikuwa anangoja nitoke, ao utoke wewe. Niliona yote. Sikutoka. Kaduara kakazunguka, picha ingine ikaja, na kwenye ile picha ilikuwa kitunga tu.

Nilipoenda kuichukua, maharagi ilikuwa ya madoadoa. Mimi napandaka nyekundu, wewe unajua, toka hujazaliwa. Na gunia yangu mu dépôt ilikuwa imefungwa na kamba yangu, na fundo yangu ile ambayo hata mimi inanishindaka kufungua. Zake zote zilikuwa zimechaguliwa. Nilitia mukono mpaka chini, sikupata hata moja yenye tundu.

Unakumbuka ile siku niliomba unifundishe kufuta picha? Nikakuambia mbuzi imepigwa vibaya, nataka kulinda heshima yake. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Haikuwa mbuzi. Nilifuta Katungu akitoka, na nikafuta Katungu akiweka kitunga chini. Wewe mwenyewe ulinishika kidole.

Na ulipouliza mama mudogo iko wapi, nikasema ameenda Mabalako kuvuna cacao. Hapana. Iko Beni, commune Ruwenzori, kwa mutoto wake Mbusa. Jirani yake njo aliniambia. Ukamupigia, hakushika. Ukamupigia tena, hakushika. Juzi mu chakula ya jioni ukasema: «Papa, ule mama alinibeba ku mugongo, leo hawezi kunishikia hata téléphone nimuage? Nikipita Beni sitalala kwa Mbusa wake. Nitalala hôtel.» Na macho yako ilikuwa na maji. Mimi nilikuwa mbele yako nakula. Nilitafuna kiazi yangu mpaka mwisho, nikasema: «Eh, batu banabadilika.»

Nimesema mambo mingi mabaya mu maisha, mengine nilikuwa nimelewa. Lile nililisema na maji safi mu kikombe, na njo baya kupita yote.

Mara ya kwanza nilikuwa kijana na niko na wivu. Ni ugonjwa, batu banaielewa. Mara hii niko na miaka makumi saba na meno sita. Natafuta excuse sipati. Unajua kinachoniuma? Si kwamba kamera ilidanganya. Kamera haikusema kitu. Kasereka naye hakusema kitu, alisema chemise. Mushonaji ni mimi.

Huko Kisangani utakuwa unafungua site. Utaona moto geni, pikipiki, ku portail. Utaona kiti yangu wazi siku mbili. Utaona mwanamuke anaingia hapa na casserole ya chakula — nakutania, mais zoea polepole. Sikuambii usiangalie. Angalia, mimi napenda. Nikijua unaniangalia nakunja hata muguu kama mutu ya bureau. Nakuomba tu, siku utaona chemise nyeupe, piga téléphone unipate, uniulize ni ya nani. Pengine nitakudanganya. Utasikia ku sauti, mama yako alikuwa anasikia.

Sasa, kesho. Leo asubuhi nilikuambia naenda kunyolewa, na hukujiuliza nywele gani. Nilienda kule magari ya Beni inajaa, nikaomba kiti nyuma yako. Nashuka na wewe. Jirani ataangalia mbuzi, na kamera yako iangalie jirani.

Hii barua naiweka juu ya valise yako. Isome leo. Unikasirikie hapa nyumbani, pale kasirani iko na nafasi ya kutembea, si mule mu gari mbele ya batu. Kupiga kelele piga, nitakaa hapa ku barza nasikiliza, sitajifanya nimelala. Mais hôtel, hapana. Kesho tukifika kwa Mbusa, wewe ingia peke yako. Usiniombee hata neno moja. Mwambie mama mudogo haukuona ile picha hata siku moja, baba yako alikurusha wewe kama jiwe. Akitaka, Mbusa amusomee hii barua yote, na pale pa kipara asiruke, acha acheke. Kitunga nitaibeba mimi ku magoti njia yote. Iko chini ya kitanda yangu, panya haijaigusa.

Ukisha kuingia, kaa naye. Kula kwake, lala kwake, akuage vile alitaka kukuaga, na kesho kutwa ushike ndege yako. Mimi nitabaki inje ya portail. Sitabisha mulango, sitaita, nilikwisha kuongea ya kutosha. Kwa Mbusa hakuna kamera, niliuliza. Donc mama mudogo akitaka kujua kama ningali pale, itabidi atoke.

Papa